Maswali ya Wasomaji: Nani Akae na Mtoto, Nani Afanye Kazi za Nyumba?

Barua nyingi tulizopokea kuhusu wasaidizi wa nyumbani zinauliza mshahara kabla ya kueleza kazi yenyewe ni ipi. Tumechagua tatu ambazo waandishi wake wameeleza hali ya nyumba zao kwa uwazi, ili majibu yawafae na wengine walio katika hali kama hizo.

SWALI: Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na ofisi yangu iko Posta. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inaisha mwezi ujao, na mtoto atakuwa hajafikisha miezi mitatu. Mkubwa wake ana miaka minne. Nikianza kazi nitatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi basi la mwendokasi, na nitarudi saa moja usiku. Wenzangu wananishauri nitafute dada wa kukaa. Mume wangu anataka dada wa kwenda na kurudi, kwa sababu tuna vyumba viwili tu. Mama mkwe anasema nimchukue binti wa ndugu yao aliyeko Singida, ana miaka 13. Mama yangu mzazi, ambaye yuko Korogwe, amesema anaweza kuja kukaa nami kwa miezi kadhaa. Naomba mnieleze tofauti za wasaidizi hawa na yupi anifae.
*Mama wa wawili, Kimara*

JIBU: Dada yetu, hongera kwa uzazi. Kabla hujamchagua mtu, tenganisha kazi mbili ambazo katika nyumba zetu hubebeshwa mtu mmoja bila kufikiriwa. Kulea mtoto mchanga ni kazi moja, na kuendesha nyumba ni kazi nyingine. Mtoto wa miezi miwili hunywa maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, hucheulishwa, hubadilishwa nepi, hubembelezwa, na anapokuwa macho anahitaji mtu wa kumtazama usoni na kuzungumza naye, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyojifunza kuitikia na kuwaamini watu. Anayefanya hayo kwa makini hawezi wakati huohuo kufua shuka, kudeki, kuchambua mchele na kwenda sokoni. Akilazimishwa kuyafanya yote, atapunguza lile ambalo wewe hulioni ukirudi jioni. Sakafu utaikuta inang'aa na chakula kiko mezani, lakini mtoto atakuwa ameshinda amelazwa chali mbele ya televisheni.

Kwa hiyo wasaidizi wanatofautiana kwanza kwa kazi. Yaya ni mtu wa mtoto: anashughulika na chakula chake, nguo zake, vyombo vyake, usingizi wake na michezo yake, na hapaswi kuulizwa kwa nini madirisha hayajafutwa. Dada wa kazi ni mtu wa nyumba, ambaye anaweza kumshika mtoto kwa muda mama anapooga au anapokwenda dukani, lakini hakuajiriwa kulea kutwa nzima. Yupo pia mama wa kufua anayekuja siku moja au mbili kwa wiki na kulipwa siku hiyohiyo. Huyu wengi humsahau wanapopanga, ilhali ndiye anayeweza kumwondolea dada wa kazi mzigo mkubwa kuliko yote katika nyumba yenye mtoto wa nepi. Halafu wapo ndugu, ambao nitawarudia.

Tofauti ya pili ni saa, na hapa naomba tupige hesabu pamoja. Kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa moja usiku ni saa 13 na nusu. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na hata mkikubaliana saa za ziada, ambazo hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, jumla ya siku haiwezi kuvuka saa 12. Sheria hiyo inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60, na mapumziko ambayo mtu anatakiwa aendelee kuwa tayari kwa kazi yanapaswa kulipwa. Dada anayekula wali kwa mkono mmoja huku mtoto yuko pajani hajapumzika, hata kama amekaa. Kwa hesabu hiyo, dada wa kwenda na kurudi peke yake hawezi kuziba pengo lako lote, labda umlazimishe kutoka kwake usiku wa manane na kurudi usiku, jambo ambalo ni la hatari kwake na baada ya wiki chache litamchosha kiasi cha kuwa hatari kwa mtoto.

Dada wa kukaa anaonekana kuwa jibu, kwa sababu yupo wakati wote. Lakini kuwapo nyumbani wakati wote hakumfanyi awe kazini wakati wote, na hapo ndipo familia nyingi hukosea. Anayeishi kwa mwajiri naye ana haki ya mapumziko ya kila siku, ambayo kwa kawaida ni saa 12 mfululizo na kwa makubaliano ya maandishi yanaweza kupunguzwa hadi saa 8, pamoja na saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Anahitaji pia mahali pa kulala. Katika nyumba ya vyumba viwili, dada hulala ama na watoto, ama sebuleni. Anayelala sebuleni hawezi kutandika godoro lake hadi wa mwisho atakapozima televisheni, na huamka wa kwanza kwa sababu njia ya kila mtu inapita miguuni pake. Mume wako ameliona jambo la kweli, na ninakushauri umsikilize.

Kuhusu binti wa Singida, jibu langu ni hapana. Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hata aliyefikisha miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kwenda shule. Kumwita ndugu badala ya mfanyakazi hakubadilishi kazi atakayoifanya: mtoto atabaki peke yake na kichanga kwa zaidi ya saa 13, karibu na jiko la gesi, bila mtu mzima wa kumwita homa ikipanda. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne, kwa hiyo mahali pake ni darasani. Mama mkwe huenda ana nia njema ya kumsaidia huyo binti, na nia hiyo mnaweza kuitimiza kwa kumnunulia sare, madaftari na viatu huko aliko. Mwelezeni kwa heshima, na ni vyema mume wako ndiye amweleze, kwa kuwa ni mama yake.

Anabaki mama yako wa Korogwe. Ujio wake ni neema kubwa, kwa sharti kwamba asije kugeuzwa mtumishi wa nyumba yako. Bibi aliyelea watoto wake mwenyewe ana jicho ambalo msichana wa miaka 19 hajalipata, na anajua kilio cha njaa na kilio cha tumbo. Lakini mgongo wake si wa kuinama kwenye beseni la nguo, na usiku anahitaji kulala. Muulize waziwazi anaweza kukaa kwa muda gani, ni nani anayemwangalizia shamba na mifugo wakati hayupo, na mpe fedha zake mkononi kila mwezi bila kusubiri aombe.

Pendekezo langu kwa hali yako ni kuwaunganisha wasaidizi. Mama yako akae na mtoto mchanga, dada wa kwenda na kurudi afike saa moja na nusu asubuhi na aondoke saa kumi na moja na nusu jioni akiwa amepata saa yake kamili ya mapumziko, mama wa kufua aje mara mbili kwa wiki, na mtoto mkubwa apelekwe chekechea kwa nusu siku. Dada achukue mapishi, usafi na kumpokea mkubwa, na amsaidie bibi kumshika mdogo ili wazoeane mapema, kwa sababu bibi atarudi Korogwe siku moja. Mume wako naye ana mikono. Kama anatoka nyumbani baada yako, kumvalisha mkubwa na kumfikisha chekechea kunaweza kuwa kazi yake.

Lipo jambo jingine ambalo akina mama wengi hawalidai. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto wake katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kutoka Posta hadi Kimara na kurudi mchana haiwezekani, kwa hiyo zungumza na mwajiri wako saa hizo mbili ziwekwe mwisho wa siku. Ukifika nyumbani saa kumi na moja jioni badala ya saa moja usiku, mpango mzima unakuwa mwepesi kwa kila mtu. Maziwa unayoyakamua yaingie kwenye jokofu mara moja, kwa kuwa katika joto la nyuzi 25 hudumu takriban saa nne tu, na Dar es Salaam joto hupita hapo karibu kila mchana. Wafundishe bibi na dada kumnywesha kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, na mfanye mazoezi hayo ukiwa bado likizo, si asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi.

Mshahara nao una ngazi zake. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka Sh. 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa familia ya kawaida anayeishi kwa mwajiri, na Sh. 120,000 kwa asiyeishi hapo, huku wanaoajiriwa na watumishi wa umma wenye stahili ya kuwa na mfanyakazi wa ndani wakiwekewa Sh. 200,000 na walioko kwa wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa Sh. 250,000. Viwango hivi hurekebishwa kwa amri mpya, kwa hiyo pita ofisi ya kazi ya mkoa uulize kinachotumika mwezi utakaomwajiri. Kwa maoni yangu, mwajiri anayelipa kiwango cha anayeishi hapohapo, kisha akakata tena fedha ya chakula, anamkata mtu mara mbili. Uandike mkataba unaotaja kazi, saa, siku ya mapumziko, mshahara na mahali alikotoka, na kama hasomi vizuri, msomee polepole hadi aelewe, maana hilo pia ni agizo la sheria. Mchango wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haipaswi kuzidi nusu yake.

SWALI: Mimi ni baba wa familia, Dodoma. Katika mwaka mmoja wameondoka madada watatu. Wa mwisho aliaga Jumapili kwamba anakwenda kanisani, hakurudi. Sisi si watu wabaya. Tunakula naye meza moja, tunamnunulia nguo, mshahara wake tunamtunzia ili asiuchezee, na simu tulimwambia aiache mpaka amalize kazi jioni. Mtoto wetu wa mwaka mmoja analala naye na wamependana sana. Tatizo liko wapi?
*Baba N., Dodoma*

JIBU: Ndugu yetu, ninaamini kwamba mna moyo mwema, na kwa sababu hiyo nitakujibu bila kuzunguka. Katika mistari michache uliyoandika yamo mambo matatu ambayo kila moja peke yake lingetosha kumwondosha mtu.

La kwanza ni mtoto kulala naye. Mtoto wa mwaka mmoja huamka usiku mara moja, mbili au zaidi, na anayemwamkia ni huyo aliye naye kitandani. Fuata siku ya dada huyo: saa kumi na moja anawasha jiko, anachemsha uji na maji ya kuoga, anawaandaa wa shule, anaosha vyombo, anadeki, anafua, anapika mchana, anambeba mtoto mgongoni wakati wa kupika jioni, anaosha vyombo tena saa tatu usiku, kisha anaingia kulala na mtoto atakayelia saa saba. Mapumziko yake hayakuanza. Mlimwajiri kama dada wa kazi, mkampa na kazi ya yaya wa mchana, halafu mkaongeza ya yaya wa usiku, kwa mshahara mmoja. Familia inayohitaji mtu wa usiku inapaswa kuiona kuwa ni ajira nyingine yenye malipo yake, na sheria inataka nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa inayofanyiwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Katika nyumba yenye wazazi wawili wenye afya, mtoto wa mwaka mmoja na alale chumbani kwenu.

La pili ni kumtunzia mshahara. Ninajua desturi hii ni ya zamani na wengi huifanya kwa nia ya malezi, lakini mfanyakazi mtu mzima hulipwa yeye mwenyewe, mkononi au kwenye akaunti yake, siku mliyokubaliana. Fedha asiyoiona inamtia wasiwasi, hasa akisikia kwamba mama yake kijijini anaumwa na hana cha kutuma. Mlipeni kwa simu tarehe ileile kila mwezi, mbaki na ujumbe wa muamala, naye abaki na wake. Akitaka kuweka akiba, msaidieni kufungua akaunti kwa jina lake.

La tatu ni simu, na pamoja nayo siku ya kutoka. Kumzuia kuchezea simu wakati mtoto anaoga ni busara. Kumnyang'anya kutwa nzima ni kumtenga na watu wake. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 189, uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, unasema anayeishi kwa mwajiri halazimiki kubaki nyumbani humo wakati wa mapumziko yake ya siku, ya wiki au ya likizo, na kwamba vitambulisho vyake avishike mwenyewe. Ninaona huyu dada wa mwisho alitumia kanisa kama mlango wa pekee aliokuwa nao. Angekuwa na siku yake ya wiki inayojulikana, pamoja na likizo yake ya siku 28 kwa mwaka, huenda angewaambia ukweli kwamba amechoka, na mngepata nafasi ya kurekebisha.

Mtakapompata wa nne, kaeni naye jioni ya kwanza, mke wako akiwapo, mwandike kwa pamoja kazi za asubuhi, za mchana na za jioni, kisha muulizane ni zipi hazitoshi katika saa zilizopo, na hizo mzigawane ninyi wenyewe au mmtafutie mama wa kufua. Mtu akishapita mwezi wa kwanza na analipwa kwa mwezi, upande wowote unaotaka kuvunja mkataba unatakiwa kutoa taarifa ya siku 28. Mkimwachisha kazi na mlimtoa mkoa mwingine, nauli ya kumrudisha alikotoka pamoja na mizigo yake ni juu yenu. Mkishindwa kuelewana, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na dada mwenyewe anaweza kujiunga na CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachowahusu pia wa majumbani. Msiogope akijiunga.

SWALI: Nina miaka 22, ninaishi Arusha. Rafiki yangu yuko Ujerumani kama au pair na ananishawishi niende. Mama yangu anasema huko ni kwenda kuwa hausigeli wa Wazungu. Ni kazi ya aina gani hasa?
*Binti wa Arusha*

JIBU: Mwanangu, mama yako ana sababu ya kuuliza, kwa maana wapo mabinti waliopelekwa nje kwa jina moja wakakuta kazi nyingine. Au pair kwa utaratibu wa Ujerumani ni kijana anayekaa na familia kwa miezi 6 hadi 12 ili ajifunze lugha na maisha ya watu wa huko, naye akisaidia kulea watoto na kazi nyepesi za nyumbani, kama kuandaa kifungua kinywa, kuwapeleka watoto shule na kupanga nguo zao. Saa hazizidi 6 kwa siku wala 30 kwa wiki, na kila wiki anapata siku moja na nusu ya mapumziko. Familia inampa chumba chake, chakula, bima, fedha ya mfukoni euro 280 kwa mwezi na mchango wa kozi ya lugha. Anayeomba viza anapaswa awe amefikisha miaka 18 na hajafikisha 27, na awe na Kijerumani cha mwanzo, kiwango cha A1, ambacho unaweza kukisoma na kukifanyia mtihani katika Goethe-Institut jijini Dar es Salaam.

Pima basi kwa haki. Euro 280 si mshahara wa kujengea nyumba Arusha, na kwa kawaida nauli ya ndege ni juu yako. Kama shabaha yako ni lugha, na baada yake kuomba mafunzo ya ufundi au uuguzi hukohuko, mwaka huo unaweza kukufaa sana. Kama shabaha ni fedha za kutuma nyumbani, utarudi umevunjika moyo. Zungumza na familia hiyo kwa simu ya video mara kadhaa, mama yako akiwa pembeni, uwaulize watoto wana umri gani, nani anapika, nani anasafisha nyumba kubwa, na kozi ya lugha iko umbali gani. Soma mkataba mstari kwa mstari. Ukikuta umepangiwa kumhudumia babu mgonjwa, kusafisha ofisi ya baba mwenye nyumba, au kufanya kazi siku saba, waombe wauandike upya kabla hujaupeleka ubalozini, na wakikataa tafuta familia nyingine.